Picha za kale za Kisumu na vyombo vya wazee: leta tunakili, uondoke navyo

NyarKisumo (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, salamu kutoka kando ya ziwa.

Tuko kikundi kidogo hapa Kisumu: walimu wastaafu, mpiga picha mmoja, vijana wa chuo na mimi. Tumepewa chumba katika ukumbi wa mtaa tuweke humo historia ya watu wa kaunti hii. Picha, barua, vipande vya kale (vile vitambulisho vya mkoloni), vyeti vya ubatizo, vyombo vya nyumbani. Sharti letu la kwanza ni kwamba hatubaki na mali ya mtu. Unakuja na picha, inawekwa kwenye skana ukiwa umekaa hapo hapo, unatutajia majina, unaondoka na picha yako. Sisi tunabaki na faili na maelezo yako.

Mnajua picha zetu hupotelea wapi? Matangani. Mzee akifa, picha zake hutafutwa usiku wa kuamkia siku ya kuchapa programu ya mazishi. Kijana anafungua sanduku la mama, anachomoa ile nzuri kuliko zote, anadandia boda hadi mjini. Programu inatoka vizuri, watu wanalia, watu wanazika, na picha yenyewe haionekani tena. Na kama mzee alipigwa akiwa na wenzake sita, atakatwa kwa mkasi abaki kichwa na mabega, wale sita waende na taka. Ninayo mezani picha ya namna hiyo sasa hivi. Begani kwa mzee, upande wa kushoto, kuna vidole vinne vya mtu mwingine. Hakuna kwao anayejua ni vya nani.

Hatutafuti wakubwa. Jaramogi ana makumbusho yake Nyamira Kang'o kule Bondo, Tom Mboya ana kaburi lake la kumbukumbu Rusinga, watu wanakwenda kuona. Mimi namtaka kuli wa gatini, karani wa posta, mama mfinyanzi, kwaya ya kanisa, timu ya mpira ya kampuni, fundi cherehani na cherehani yake.

Mna nini majumbani?

JaMamboleo

Sitaki kukuvunja moyo dada, lakini makumbusho tunayo. Yako pale barabara ya kwenda Kericho tangu 1980. Kuna dala nzima ya Kijaluo, yaani makazi ya familia, nyumba ya mikayi (mke wa kwanza), nyumba ya nyachira (wa pili), maghala, boma la ng'ombe. Kuna nyoka, kuna samaki, kuna yule simba aliyemrukia nyumbu, ambaye nadhani kila mtoto wa shule Nyanza amesimama mbele yake akitetemeka. Cha pili cha nini? Kesho tutasikia kuna kamati, keshokutwa kuna semina, mtondo kuna gari la mradi.

NyarKisumo

JaMamboleo, pesa hakuna, ondoa wasiwasi. Skana ni ya mwalimu, stima ni ya ukumbi.

Makumbusho nayapenda na nitazidi kupeleka watoto. Ila ile dala inakuonyesha Mjaluo kwa jumla. Ukitoka pale unajua nyumba ya mke mkubwa inatazama lango. Hujui huyo mke mkubwa ni wa nani, aliolewa kutoka wapi, alikuwa akigombana na nani sokoni. Mimi nataka watu wenye majina.

Mwalimu Mstaafu

Niongeze jambo la sheria, kwa kuwa watu wengi hudhani historia ni kazi ya Nairobi. Someni Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Makumbusho yametajwa wazi katika kazi za kaunti, fungu moja na maktaba na sinema. Serikali ya taifa imebakishiwa maeneo na majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Halafu kuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, inayozitaka kaunti ziwe na rejista ya maarifa hayo. Kwa hiyo raia akimwambia mwakilishi wa wadi kwamba anataka chumba cha historia, haombi hisani.

JaMamboleo

Mwalimu amenifunga mdomo. Haya, baba yangu alichezea timu ya mpira ya kazini miaka ya sabini, picha iko. Mkiipoteza tutaonana.

Karani wa Reli

Nyanza hatukukosa wapiga picha. Reli ilipofika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, ilikuwa imeshapigwa picha njia nzima kutoka pwani. William Young alizunguka nayo, na kazi zake mtaziona katika makumbusho ya reli Nairobi. Florence mwenyewe, mke wa mhandisi Preston, anajulikana kwa jina, na husemwa mji ulipewa jina lake. Sasa tazameni picha zenyewe za zama zile. Mhandisi ana jina, garimoshi lina namba. Wanaobeba mataruma wameandikwa "vibarua" au "wenyeji". Mtu mzima, misuli yote ile, anatazama kamera kabisa, na jina lake ni wenyeji.

Baba yangu alikaa nyumba za reli hapa. Picha zake ninazo katika bati la biskuti, kumi na kitu hivi. Nikiondoka mimi duniani, wajukuu wataona wanaume wenye kofia. Nitakuja.

Mwana wa Gem

Karani umegusa penyewe. Mwaka 1936 Evans-Pritchard, yule mwanaanthropolojia, alipita Nyanza na kamera. Kabla yake Hobley, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni huku, naye alipiga. Picha hizo ziko Oxford, Pitt Rivers Museum. Mwaka 2007 nakala zikarudishwa huku katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, zikapelekwa hadi vijijini badala ya kungojea watu wazifuate mjini.

Ndipo utajua picha inavyobadilika ikifika kwa wenyewe. Kule iko kwenye droo, imeandikwa kabila na mahali. Huku mtu anaitazama na kuanza kubishana na mwenziwe kuhusu pua ya nani ni ile. Picha ile ile!

Mulembe wa Matungu

Basi warudishe zenyewe, si nakala. Mbona sisi tunapewa vivuli na wao wanabaki na mwili? Kwetu Matungu tuna kituo cha utamaduni cha Nabongo, wafalme wa Wanga wamelala pale, nafasi ya kuhifadhi ipo. Kuna watafiti wa Kenya na Ujerumani walitengeneza orodha ya vitu vyetu vilivyo nje, wakakuta zaidi ya 32,000 katika taasisi 30 hivi. Wakaonyesha matokeo Nairobi 2021. Mlisikia kelele yoyote baada ya pale? Mimi sikusikia. NyarKisumo, nguvu zenu pelekeni huko, picha za kwaya zitangoja.

KapNandi

Kurudisha kunawezekana, ila subira yake ni ya wazee. Koitalel arap Samoei, Orkoiyot yaani kiongozi wa Wanandi, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905, alipoitwa kuzungumza amani, na Meinertzhagen, ofisa Mwingereza aliyemuua, akaondoka na vitu vyake. Fimbo zake tatu zilirudi 2006, kutoka nyumbani kwa mtoto wa aliyemuua. Hesabuni wenyewe miaka. Kichwa chake jamaa zake wanakidai hadi leo.

Lakini tazameni jambo moja. Fimbo zile zilipofika, kila mtu Nandi alijua ni za nani, zilishikwaje, zilimaanisha nini kwa Orkoiyot. Jina lilikuwa limehifadhiwa kwa mdomo miaka yote hiyo. Angekuwa mtu wa kawaida, zingerudi fimbo tu.

NyarKisumo

Asante KapNandi. Mulembe, nakuunga mkono kuhusu Ulaya, na siku ya maandamano niite. Lakini kwaya haiwezi kungoja. Vitu vya Oxford viko kwenye chumba chenye baridi iliyopimwa, viko salama kwa miaka mia nyingine tukitaka tusitake. Picha ya shangazi yako iko juu ya kabati, paa linavuja, na mtu pekee anayewajua wote waliomo ana miaka themanini na sita na sukari.

Nakuru58

Naingia kutoka Section 58, Nakuru. Huku tuna Hyrax Hill, kilima chenye mabaki ya watu wa kale, dakika chache tu kutoka mjini, na bado kuna watu wamezaliwa Nakuru hawajapanda. Ile nyumba ya makumbusho ilikuwa ya mlowezi, ikafunguliwa kwa umma 1965. Juu ya mwamba kuna mashimo ya bao, unaweza kukaa ucheze.

Nimeleta Hyrax Hill kwa sababu. Mwanaakiolojia Louis Leakey alipaona 1926, Mary Leakey akachimba 1937 na 1938. Makaburi ya kale yaliyokutwa pale, wanawake walizikwa na sahani na mitwango ya mawe, wanaume hapana. Hilo tunalijua kwa sababu moja: aliyechimba aliandika kila sahani ilikuwa kaburi gani, kando ya mifupa ya nani. Sasa fikirieni mkulima amelima, akakuta sahani kama ile, akaiosha, akaiweka sebuleni. Ni jiwe zuri. Haliwezi tena kukuambia chochote.

Picha isiyo na majina imekuwa vivyo hivyo. Kwa hiyo NyarKisumo, muda mwingi wenu usiende kwenye skana. Uende kwenye kiti cha yule anayesimulia.

Na wale wanaookota vyungu mashambani: sheria ya 2006 ya makumbusho na urithi inataka vitu vya kale vitokavyo ardhini viripotiwe. Usichimbue uone chini kuna nini. Acha, piga picha kilipo, ita wenye kazi.

NyaSeme

Niseme la vyombo, kwa sababu lina uchungu kwangu.

Babu alikuwa na kuot, ngao ya ngozi ya nyati, mkuki, oseke, mrija mrefu wa kunywea pombe na wenzake, na kom, kigoda chake cha miguu minne, kimelainika kwa kukaliwa hadi kinang'aa. Walikuja watu wa taasisi moja, heshima nyingi, wakakaa kwenye makochi, wakanywa chai. Wakasema vitu hivi vitahifadhiwa, watoto wenu watakuja kuviona bure. Nyanya akakubali. Hakukuwa na karatasi. Tulipokwenda kuuliza, aliyekuja nyumbani kwetu alikuwa amehamishwa, na aliyekuwepo akatuuliza tuna uthibitisho gani kwamba vitu hivyo viliwahi kuwa vyetu.

Uthibitisho! Kom iliyokaliwa na babu yangu miaka hamsini.

Kwa hiyo mkisema "hatuchukui" nawaelewa. Mkibadilika siku moja mkaanza kuchukua, nitarudi kwenye uzi huu.

Mwalimu Mstaafu

Pole sana mwanangu.

Kwa faida ya wengine: kitu kisitoke nyumbani bila karatasi mbili zinazofanana, moja kwenu, moja kwa aliyepokea. Iandikwe ni zawadi au ni mkopo. Kama ni mkopo, wa muda gani. Iandikwe alama za kitu chenyewe, ufa uko wapi, mguu upi ulirekebishwa kwa waya. Wapigwe picha anayetoa na anayepokea wakiwa wameshika kitu hicho. Watu wazima wawili washuhudie. Mgeni akiona ni usumbufu, amalize chai aende.

Na familia zenyewe zikae kwanza. Viti vya wazee na mikuki si kama sufuria, kuna vitu ambavyo mtoto mmoja hana ruhusa ya kuvitoa wengine wakiwa Nairobi.

NyarKisumo

Mwalimu, hiyo tumeinakili kama ilivyo.

Kwa vyombo, tunachofanya ni kuvipiga picha pande zote, kuvipima, na kumrekodi mwenye nacho akieleza kinavyotumika. Mama mmoja alikuja na kibuyu, nikadhani dakika tano zatosha. Akaeleza kibuyu kinavyochaguliwa kingali shambani, kinavyoachwa kikauke, kinavyotolewa mbegu, moshi wa mti gani unakifaa maziwa na upi unayaharibu, na kwa nini hakioshwi kwa sabuni. Kijana aliyeshika simu ya kurekodi alibadilisha mkono mara kadhaa. Kibuyu kimerudi nyumbani kwake na maziwa yanaendelea kugandishwa humo, na hapo ndipo mahali pake.

Fundi wa Kondele

Mimi ndiye mpiga picha wa kikundi. Nimekaa nikisoma, sasa niwaonye kabla hamjaharibu mlivyonavyo.

Laminesheni. Nawapigia magoti. Mtu anampenda nyanya yake, anachukua picha yake ya pekee anaipeleka kupigwa plastiki ya moto "idumu". Ile gundi haiachii tena. Kona moja ikifunguka, unyevu wa Kisumu unaingia na kubaki ndani, madoa yanaanza, na hakuna fundi atakayeitoa. Mkishafanya hivyo, mmemzika mara ya pili.

Picha iliyogandia kioo cha fremu usiibandue. Usiitie maji. Ilete na kioo chake, mimi nitaipiga kupitia kioo kwa taa za pembeni.

Albamu zile za kurasa za kunata, zenye nailoni juu, zilizoingia miaka ya themanini, ndizo adui mkubwa. Gundi inageuka rangi ya chai na kula picha kutoka nyuma. Kama picha imenasa, pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake polepole, kama anayekata ugali, usivute kwa kucha. Ikikataa, iache, tuiskani ikiwa kwenye ukurasa.

Jina liandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini, bila kukandamiza. Biki inachoma hadi mbele, na wino wake unaamkia kwenye uso wa picha ya chini yake. Karatasi za kisasa zinazoteleza hazishiki penseli, hizo andika kwenye bahasha. Bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki wa supamaketi. Ziweke mbali na jiko na mbali na ukuta wa nje. Mchwa mnawajua wenyewe.

Kama mnaskani nyumbani, picha ya kawaida nukta 600 kwa inchi, zile ndogo za kitambulisho panda hadi 1200. Hifadhi TIFF kwa ajili ya kesho, JPEG kwa ajili ya kutumiana. Na mkituma kwa wasapu tuma kama dokumenti, la sivyo inabanwa na tunapokea ukungu. Skani na mgongo wa picha. Nasisitiza mgongo! Muhuri wa studio, tarehe ya kusafisha, "kwa dada yangu mpendwa", yote yako nyuma.

Halafu negativu. Studio nyingi za zamani hapa mjini zilipofungwa, masanduku ya negativu yalikwenda dampo. Mwenye baba au babu aliyekuwa na studio, tafadhali angalia darini. Hata kama ni za watu usiowajua. Hasa kama ni za watu usiowajua.

Nyar Yala

Fundi, nisaidie basi. Nina picha ya babu amesimama mbele ya mnara wa saa wa Kisumu, ameshika baiskeli, soksi zimevutwa hadi magotini. Nyumbani wanasema ilipigwa "wakati wa vita". Vita vipi? Kingo za karatasi zimekatwakatwa kama meno. Nyuma kuna maandishi yaliyofifia, nasoma Velox.

Fundi wa Kondele

Mnara ulifunguliwa na Gavana Brooke-Popham tarehe 19 Agosti 1938. Wana wa Kassim Lakha waliujenga kumkumbuka baba yao. Kwa hiyo vita vya kwanza ondoa. Velox ni karatasi ya Kodak, ilitumika miaka mingi, haitusaidii peke yake. Kingo za meno zilipendwa zaidi miaka ya hamsini na sitini. Mimi naegemea huko, baada ya vita vya pili. Babu alizaliwa lini?

Nyar Yala

Kipande kinasema 1926 lakini mnajua vipande vya wakati ule.

Karani wa Reli

Baiskeli ina taa ya dinamo? Kikapu? Pale nyuma kuna gari? Tupe vitu vya pembeni, babu mwachie babu.

Nyar Yala

Taa ipo. Nyuma kuna duka lenye kibao, herufi zimekatika. Na kuna kivuli cha mpiga picha chini, amevaa kofia.

Fundi wa Kondele

Ilete. Kibao cha duka nikikikuza tutajua. Maduka yalibadilisha wenyewe, na wazee wa Kihindi waliobaki mjini wanakumbuka nani alikuwa mlango gani. Ndiyo maana nawaambia watu wasipunguze pembe za picha. Nyuso za wazee mnazijua wenyewe nyumbani, ila mwaka mara nyingi hukaa pembeni: kibao, nguzo ya stima, meli. Ukiona ile feri kubwa inayobeba mabehewa ya treni, hapo hujafika kabla ya katikati ya miaka ya sitini, maana MV Uhuru haikuwepo. Na ukiona picha ya rangi yenye kona za mviringo, watu wote wamekuwa wekundu kama waliopigwa na jua, hiyo ni sabini na kitu.

JaMamboleo

Ya baba ina kona za mviringo na timu nzima ni nyekundu. Nilidhani ni vumbi la uwanja.

Jirani wa Russia

Mimi nina swali gumu kidogo. Tarehe 25 Oktoba 1969, siku ya kufunguliwa hospitali tunayoiita Russia, mnajua yaliyotokea, watu walipigwa risasi. Kuna nyumba katika mji huu zina picha za watu wasiorudi siku ile. Picha za kawaida tu, za harusi, za shule. Miaka mingi hazikutundikwa ukutani. Mama yangu mpaka leo ana moja, ameifunga kwa leso, haonyeshi. Je, nikiileta kwenu, kesho nitaiona ikizunguka kwenye mitandao na maandishi ya siasa juu yake?

NyarKisumo

Hapana. Mwenye picha ndiye anayeamua, na tunaandika uamuzi wake kwenye fomu. Anaweza kusema ionekane popote. Anaweza kusema ionekane chumbani kwetu tu, mtu akija kwa miguu yake. Anaweza kusema ifungwe hadi afe yeye, au hadi wanawe wakubaliane. Faili iliyofungwa haiendi mtandaoni hata kwa kuombwa na mkubwa. Na mama asipotaka kuileta kabisa, isiletwe. Akikubali kusema jina tu, bila picha, tunaliandika jina.

Mwana wa Gem

Hapo kwenye kufunga mmefanya vyema hata kwa mambo mepesi. Binamu yangu aliweka picha ya harusi ya mzee mtandaoni, 1964, suti safi, bibi harusi kavaa shela. Tatizo ni kwamba bibi harusi yule hakuwa mama yetu yeyote tunayemjua. Kikao cha familia kilichofuata kilichinjiwa mbuzi wawili na hakijaisha.

Mulembe wa Matungu

Hahaha! Ndiyo maana wazee walikuwa wanakata kwa mkasi.

Mwalimu Mstaafu

Mkicheka, kumbukeni pia haki ya mpiga picha. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inailinda picha miaka 50, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma mara ya kwanza, ule utakaokuja baadaye. Nyingi za zamani mlizonazo zimeshapita hapo. Zile za miaka ya themanini na tisini zilizopigwa na studio ambayo mwenyewe yuko hai, ni adabu na ni sheria kumwuliza kabla ya kuzichapa kwenye kalenda na kuuza. Mkizitundika, mwandikeni jina. Naye alikuwepo siku ile, tena amesimama juani kuliko wote.

Mzaliwa wa Nakuru

Nimesoma kimya. Sisi nyumba yetu iliteketea mwanzoni mwa 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi. Watu hukuuliza ulipoteza nini, unataja ng'ombe, vitanda, vyeti. Albamu huitaji, kwa sababu waliopoteza watu wamekaa hapo. Nina watoto watatu, na sina picha hata moja ya kuwaonyesha nilivyokuwa umri wao. Nataka kuuliza tu kama kituo kama chenu kinaweza kumsaidia mtu asiye na cha kuleta.

Nakuru58

Kinaweza, ndugu yangu. Picha ya darasa haikuchapwa moja. Mlikuwa arobaini, kila mzazi aliyekuwa na pesa alinunua. Ulisoma wapi, ukamaliza mwaka gani? Usiandike hapa, nitumie faragha. Wengi wa rika lako wako hapa hapa mjini.

Karani wa Reli

Na waulize jamaa waliokaa mbali. Zamani tulikuwa tukipiga picha ili tuipeleke. Baba alikuwa akiagiza nakala tatu: ya nyumbani, ya kaka yake Kampala, ya kumpelekea mama kijijini. Albamu ya mtu aliyechomewa Nakuru huenda iko nusu Busia, nusu Tororo, kwenye bahasha za posta zenye stempu. Shangazi wanaoishi mpakani hawatupi kitu.

Mzaliwa wa Nakuru

Nina shangazi Malaba. Sikuwahi kumwuliza hilo.

KapNandi

Mpigie leo.

Wa Kitale

Nimechelewa, lakini niseme moja kwa wanaodhani lazima uanze na jengo kubwa. Makumbusho yetu Kitale yalianza na mtu mmoja, Stoneham, 1926, na wadudu wake na vitabu vyake na alivyovikusanya kwa wenyeji. Alipofariki akaliachia taifa mkusanyo huo, na 1974 yakafunguliwa upya kuwa Makumbusho ya Kenya Magharibi. Kilichofanya yadumu ni kwamba alikuwa akiweka lebo. Ila lebo zake zilikuwa za mkusanyaji. Ninyi mna nafasi ya kuandika lebo akiwa mwenye kitu amekaa mbele yenu, akawasahihisha spelingi.

Nyathi Ahero

NyarKisumo, nyanya yangu yuko Ahero, hawezi kupanda matatu, miguu. Ana sanduku zima. Babu alikuwa karani wa mpango wa mpunga. Ukimwambia ampe kijana sanduku aje nalo Kisumu atakufukuza.

NyarKisumo

Na ana haki. Tutakwenda sisi. Fundi ana skana ndogo inayoingia kwenye begi. Tunachohitaji ni meza isiyoyumba, kivuli, na mtu mmoja wa rika la nyanya wa kukaa naye, maana wawili wakikaa pamoja majina yanakuja yenyewe, mmoja akisahau mwingine anabisha. Jumamosi asubuhi kabla jua halijakaza itawafaa?

Nyathi Ahero

Itafaa. Dada yake mdogo yuko jirani, ugomvi wao ni wa tangu enzi za mkoloni, mtapata majina yote. Ameuliza mnakula nini.

Fundi wa Kondele

Tunakula chochote baada ya kazi, mikono yenye mafuta ya samaki isiguse picha. Mwambie asifute picha kwa kitambaa kibichi kabla hatujafika. Na uliza kama stima iko, betri ya laptopu yangu haivuki saa mbili.

Nyathi Ahero

Stima iko lakini inapotea. Jirani ana jenereta ya kunyunyizia mpunga, nitamwambia.